Wasomaji Wanauliza: Serikali Imebadilika, Chama Chetu cha Wanawake Kinabaki na Nini?

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa viongozi wa vyama na mitandao ya wanawake, nyingi zikiwa zimeandikwa wiki chache baada ya uchaguzi. Zinazofanana tumeziunganisha. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu kuna maswali yanayokwisha kwa aya mbili.

SWALI: Kwa miaka minne tulikuwa na waziri anayetuelewa. Alitoa mwongozo wa kushughulikia kesi za ukatili, akafungua dawati wizarani, akaahidi fungu la bajeti. Sasa serikali imebadilika. Waziri mpya hajui hata jina letu, na mwongozo wenyewe umeondolewa kwenye tovuti. Ndiyo kusema tunaanza sifuri? — *Katibu wa mtandao*

JIBU: Hamuanzi sifuri, dada katibu, ila mlijenga juu ya mtu, na mtu kaondoka. Kabla ya kuomba miadi na waziri mpya, kaeni mpime kila mlichokipata kwa swali moja: nani anaweza kukifuta, na anahitaji saini ngapi?

Kauli ya jukwaani hufutwa na kauli nyingine. Mwongozo au waraka hufutwa na ofisi ileile iliyoutoa. Kanuni zinamhitaji waziri na tangazo katika gazeti la serikali, sheria inahitaji kura za bunge, na katiba ndiyo ngumu kuliko zote. Ngazi ya chini inavyoyumba, tazama Marekani. Sera ya kuyanyima fedha za uzazi wa mpango mashirika ya nje yanayotoa au kutetea huduma ya utoaji mimba iliwekwa na Reagan mwaka 1984. Clinton akaifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Kila mara ni karatasi moja na saini ya mtu mmoja. Tanzania nayo, mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, waraka wa wizara ukaruhusu warudi. Furaha ilikuwa ya haki kabisa. Lakini someni kichwa cha ile karatasi: ni waraka.

Kupanda ngazi nako hakumalizi kazi. Uturuki iliridhia mwaka 2012 mkataba wa Baraza la Ulaya wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, uliotiwa saini Istanbul kwenyewe, na bunge lake lilikuwa limeupitisha. Machi 2021 nchi ikajitoa kwa uamuzi wa rais. Kilichobaki mkononi mwa wanawake wa huko ni sheria ya ndani namba 6284 ya mwaka 2012, nayo imebaki kwa sababu hawakuridhika na mkataba peke yake. Hukumu za mahakama nazo zina udhaifu wa aina mbili. Ya kwanza, mahakama inaweza kugeuka: hukumu ya Marekani ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba ilitenguliwa Juni 2022 na mahakama ileile. Ya pili, serikali inaweza kukaa kimya. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubaliana na Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha katiba, na ikatoa mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki vilevile. Kenya yameandikwa hata kwenye katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Bunge halikutunga sheria ya kutekeleza, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais tarehe 21 Septemba 2020 alivunje, na halikuvunjwa.

Kwa hiyo fungueni daftari, mchore safu tano. Safu ya kwanza, tulichokipata. Ya pili, kinashikiliwa na nini: namba ya waraka, kifungu cha sheria, tarehe. Ya tatu, nani anaweza kukifuta. Ya nne, pesa yake iko kwenye fungu gani la bajeti. Ya tano, ni ofisa wa cheo gani anayekitekeleza kila siku. Safu mbili za mwisho ndizo vyama vingi huziacha wazi, na ndizo zinazoonyesha mahali pa kuanzia. Waziri hubadilika, mkurugenzi msaidizi, mchumi wa idara na karani anayepokea malalamiko mara nyingi wapo palepale. Hao ndio wa kwenda kuwaona kwanza, na barua ya ukurasa mmoja inayosema ninyi ni nani, jambo gani lilikuwa linaendelea, na mnaomba nini. Ombi liwe moja. Chama kinachoingia wizara mpya na madai 32 hutoka na ahadi ya kuundiwa kamati.

Ule mwongozo uliotoweka, utafuteni leo kwenye simu za wanachama na kwenye viambatisho vya barua pepe za zamani. Kuondolewa kwenye tovuti si kufutwa. Kama hakuna waraka mwingine unaoufuta, unatumika bado. Upelekeni kwenye dawati umechapishwa, muombe waliokataa kuutumia waandike kwamba wamekataa. Safari nyingine pakueni na kuchapisha nyaraka zote *kabla* ya siku ya kupiga kura. Na ulizeni idara yenu ya fedha inafunga lini makadirio. Ombi linalofika baada ya ukomo wa bajeti kutangazwa husubiri mwaka mzima, hata kama waziri ni rafiki.

SWALI: Kwetu ni kinyume. Serikali iliyoingia imetupokea kwa mikono miwili: tumeitwa kwenye sherehe, mwenyekiti wetu kapewa ujumbe wa kamati ya kitaifa, na tumeahidiwa ruzuku ya kila mwaka pamoja na ofisi ndani ya jengo la serikali. Baadhi ya wanachama wanasita. Kuna ubaya gani? — *Mweka hazina*

JIBU: Mama mweka hazina, wanaosita wasikilizeni. Ukifuatilia vyama vya wanawake vilivyokufa, utashangaa vingapi vilikufa siku ya harusi badala ya siku ya vita.

Urusi iliunda idara ya wanawake ndani ya chama tawala mwaka 1919. Mwaka 1930 ikafungwa kwa hoja kwamba suala la wanawake limekwisha kutatuliwa. Umoja wa Wanawake wa Uturuki ulianzishwa 1924, wanawake wakapata kura ya bunge Desemba 1934, Aprili 1935 umoja ukawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa kimataifa mjini Istanbul, na mwezi uliofuata ukajivunja wenyewe kwa maelezo kwamba haki zimeshapatikana. Chile, chama cha MEMCH kilichoanzishwa 1935 kilipigania kura hadi ikapatikana kamili 1949. Miaka minne baadaye hakikuwepo. Jina lake lilifufuliwa mwaka 1983, wanawake walipohitaji kusimama tena mbele ya utawala wa kijeshi, na ikabidi wajifunze upya mambo ambayo bibi zao waliyajua.

Njia nyingine ya kufa ni kumezwa. Maendeleo ya Wanawake ya Kenya, iliyoanza 1952, iliunganishwa na chama tawala cha KANU mwaka 1987 na kuvaa jina lake. Uchaguzi wake wa viongozi ukawa uchaguzi wa wanasiasa, na mfumo wa vyama vingi uliporudi ikalazimika kujinasua. Uganda, mwaka 1978, utawala wa Idi Amin uliunda Baraza la Taifa la Wanawake kwa amri na kuvipiga marufuku vyama huru vya wanawake. Anayetaka kuwafunga mdomo si lazima awakataze kuwepo. Anaweza kuwaanzishia chama.

Msikatae kila kitu, lakini mkubali kwa masharti yaliyoandikwa.

Kiti cha kamati: apelekwe mjumbe, asiwe mwenyekiti. Wakiwa wawili ni bora. Wabebe barua ya uteuzi kutoka kwenu inayosema wanawakilisha chama, wataleta taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 baada ya kila kikao, na mnaweza kuwabadilisha. Mwenye kiti hicho asiwe msemaji wenu kwa vyombo vya habari, kwa sababu siku mtakapotakiwa kuipinga serikali yeye atakuwa amekula kiapo cha siri au atakuwa na aibu tu. Aibu imewanyamazisha wengi kuliko polisi.

Ofisi katika jengo la serikali: hapana. Anayeshika funguo za jengo ndiye anayeamua mkutane lini.

Ruzuku: ipokelewe kwa mradi wenye mwanzo na mwisho, kamwe isilipe pango wala mishahara. Mradi ukikatwa, mradi umekatwa. Mshahara ukikatwa, chama kimefungwa Ijumaa jioni bila barua. Kipimo tunachokishauri ni kwamba chanzo kimoja, kiwe serikali au mfadhili, kisizidi theluthi moja ya matumizi ya mwaka. Na ada ya wanachama ibebe kile tunachokiita mifupa: mahali pa kukutania, mawasiliano, utunzaji wa hesabu, ukaguzi. Pigeni hesabu hivi. Andikeni gharama ya kuishi miezi 12 bila mfadhili yeyote, gawanyeni kwa idadi ya wanachama *wanaolipa kweli*, si walioandikishwa. Jibu likiwa kubwa kuliko mfuko wa mwanachama wa kipato cha chini, punguzeni mifupa, msipandishe ada. Makubaliano yoyote na serikali yaishe muda wake miezi sita kabla ya uchaguzi, ili kusiwe na picha ya kampeni yenye nembo yenu.

Hata serikali iliyoingia kwa kura zenu, ihesabuni. Poland, wanawake waligoma na kujaza mitaa Oktoba 3, 2016, na siku tatu baadaye bunge likaitupa hoja ya kukataza kabisa utoaji mimba. Wakarudi mitaani 2020 mahakama ya katiba ilipobana sheria. Uchaguzi wa Oktoba 2023 ukaiondoa serikali waliyokuwa wakipambana nayo. Kisha Julai 12, 2024, mswada wa kuacha kuwaadhibu wanaomsaidia mwanamke kutoa mimba ukaanguka kwa kura 218 dhidi ya 215, baadhi ya kura za kuuangusha zikitoka ndani ya muungano mpya wa utawala. Tofauti ya kura tatu! Wabunge wahesabiwe kwa majina, mmoja mmoja, ilani ya chama chao iwe imesema nini ikasema.

SWALI: Mwenyekiti wetu anagombea ubunge na anasema atachukua likizo ya miezi mitatu, akishindwa atarudi. Tumkubalie? — *Mjumbe wa kamati*

JIBU: Hapana. Ajiuzulu kwa maandishi siku anayochukua fomu, na kwa siku saba akabidhi mihuri, vitabu vya hundi, nywila, na ile laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake ambayo makundi yote ya wanachama yameunganishwa nayo. Hiyo laini ndiyo husahauliwa, kisha inakuwa ya kampeni. Asirudi kwenye uongozi hadi miaka miwili ipite, ashinde au ashindwe. Mkutano mkuu uliingize hili kwenye katiba ya chama wakati hakuna mgombea anayejulikana. Likiandikwa leo litaonekana limeandikwa dhidi yake.

Mtakieni heri, mwombeni ahadi zenu kama mnavyowaomba wagombea wengine, na dodoso liwe lilelile.

SWALI: Tumepokea barua ya msajili kwamba usajili wetu umefutwa kwa sababu "tunajihusisha na siasa". Tufanye nini kwanza? Wengine wanataka tutoe pesa zote benki leo. — *Katibu*

JIBU: Pesa msiziguse kwa haraka hiyo. Kuhamisha fedha za chama kwenda akaunti ya mtu kunageuza suala la katiba kuwa shtaka la wizi, na mashtaka ya wizi ni mepesi kuendesha kuliko ya siasa. Kamati ikutane, akidi itimie, muhtasari uonyeshe tarehe, na malipo yawe ya madeni halali tu: mishahara, pango, wadai wenye stakabadhi.

Juu ya bahasha andikeni tarehe na saa mliyoipokea, na jina la aliyeipokea. Muda wa kukata rufaa huwa mfupi na mara nyingi huhesabiwa kuanzia hapo. Someni barua mtafute kifungu cha sheria kilichotajwa. Kama hakipo, andikeni siku hiyohiyo kuomba kifungu na sababu kwa maandishi. Wakili akipeleka rufaa, apeleke pamoja nayo ombi la kusimamisha utekelezaji. Bila zuio hilo mnaweza kushinda kesi na kupoteza chama. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, lilisajiliwa 1995 na kufutwa 1997 kwa tuhuma za kufanya kazi kama chama cha siasa. Mahakama Kuu ilisema hatua ile ilikuwa kinyume cha katiba, lakini ilisema hivyo mwaka 2009. Baada ya miaka 12, wanachama wameshatawanyika.

Tatu zifuatazo zilipaswa kufanyika kabla ya barua, kwa hiyo wasomaji wengine wazifanye sasa. Moja ni kifungu cha kuvunjwa kwa chama: kitaje ni chama gani chenye malengo kama yenu kitarithi mali. Misri mwaka 1991 serikali ilikifunga chama cha mshikamano wa wanawake wa Kiarabu kilichoongozwa na Nawal El Saadawi na mali zake zikapewa chama kingine chenye mwelekeo tofauti kabisa. Kifungu si kinga kamili, lakini kinawapa hoja mahakamani. Ya pili ni kugawanya: chama kinachoweka jarida, mafunzo, msaada wa kisheria na mfuko wa akiba chini ya cheti kimoja hupoteza vyote kwa barua moja. Vyombo tofauti, sheria tofauti, watia saini tofauti. Ya tatu ni nakala za daftari la wanachama, mihtasari na hesabu zilizokaguliwa kukaa mahali patatu, moja ikiwa nje ya ofisi na nje ya nyumba ya kiongozi yeyote.

Na tamko lenu kwa umma lisainiwe na watu ambao riziki yao haimtegemei mwajiri wa serikali. Orodha ya saini 200 yenye walimu na wauguzi inapendeza gazetini Jumatatu, na kufikia mwezi ujao imekuwa orodha ya uhamisho.

SWALI: Mikusanyiko imezuiwa na tunahisi kati yetu yupo anayepeleka habari. Tuache kukutana hadi hali itulie? — *Jina limehifadhiwa*

JIBU: Chama kinachosubiri hali itulie huwa kimeshasahau namna ya kukutana inapotulia. Badilisheni umbo la kukutana.

Aprili 30, 1977, akina mama 14 ambao watoto wao walikuwa wamechukuliwa na utawala wa kijeshi wa Argentina walifika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires. Kusimama kikundi kulikatazwa. Polisi waliwaambia watembee. Basi wakatembea: wawiliwawili, wameshikana mikono, wakiuzunguka mnara wa katikati. Amri ya kuwatawanya ndiyo ikawa maandamano yenyewe. Siku ikawa Alhamisi, saa 9:30 alasiri, na alama ikawa kitambaa cheupe kichwani, mwanzoni nepi ya mtoto. Tazama vitu hivyo vitatu. Mahali, saa na alama havihitaji kutangazwa, havihitaji kiongozi kuitisha, na anayekosa wiki hii anajua wiki ijayo yuko wapi.

Walipenyezwa pia. Ofisa wa jeshi la wanamaji, Alfredo Astiz, alijifanya ana ndugu aliyepotea, akapokewa kwa huruma kama kijana wa nyumbani. Desemba 1977, akina mama walipokuwa wakikusanya saini na pesa za tangazo la gazetini, watu wakatekwa katika kanisa la Santa Cruz, na siku mbili baadaye akatekwa Azucena Villaflor, aliyekuwa amewaza kwenda uwanjani tangu mwanzo. Waliobaki walirudi uwanjani.

Mnachoweza kuchukua hapo si kumshuku kila mgeni. Chama kinachoanza kuwindana ndani kwa ndani kimemfanyia mpelelezi kazi yake. Gawanyeni habari. Mambo ya wazi yawe wazi hasa: kalenda, madai, hesabu. Siri ziwe chache sana, kama majina ya walioteswa, anwani, safari, na kila siri ijulikane na watu watatu tu wanaoihitaji. Orodha ya wanachama isiwe na sababu ya mtu kujiunga. Simu zisiingie kwenye kikao kinachojadili mhanga, na fomu za ushuhuda zitumie namba, ufunguo wa namba ukae kwa mtu mmoja na wakili.

Pale ambapo hata kutembea hakuwezekani, kazi ya mtu kwa mtu hubaki. Iran, mwaka 2006, wanawake walianza kampeni ya saini milioni moja kudai sheria za kibaguzi zibadilishwe. Mkusanyaji alipewa mafunzo kwanza, kisha alimweleza mtu mmoja, sebuleni au ndani ya basi, sheria ya talaka na ya mirathi inasemaje, akamwachia kijitabu, awe amesaini au hakusaini. Walikamatwa wengi. Lakini mafunzo yale hayakuhitaji ukumbi.

SWALI: Viongozi wetu ni walewale tangu kuanzishwa, na vijana wakija hukaa miezi miwili wakaondoka. Sasa kuna kundi linataka kujitenga. — *Mwanachama*

JIBU: Rekebisheni vipindi kwanza. Kamati ya watu tisa, kipindi cha miaka mitatu, watatu watoke kila mwaka, na mtu asizidi vipindi viwili. Mkibadilisha wote tisa kwa mpigo mtapoteza kumbukumbu, msipobadilisha yeyote mtapoteza vijana. Mwaka wa kwanza pigeni kura ya bahati kujua nani anatoka lini, la sivyo mtagombana hapo hapo.

Kila cheo kiwe na msaidizi ambaye ameshawahi kuandika taarifa moja na kuisaini kwa jina lake. Vijana wengi hupewa kusimamia mitandao ya kijamii na kupanga viti, na wanajua maana yake. Wapeni fungu la pesa, hata dogo, wakalitolee hesabu mbele ya mkutano. Faili la makabidhiano liwe na katiba na cheti, mihtasari ya miaka mitatu, majina ya maofisa mnaofanya nao kazi na mara ya mwisho mlipowaona, ahadi ambazo hazijatimizwa, na madeni. Muhtasari wenyewe hauhitaji hotuba za watu. Unahitaji kilichoamuliwa, nani atafanya, kufikia lini, na kwa pesa ipi.

Kuhusu kujitenga, si lazima uwe msiba. Wale akina mama wa Plaza de Mayo waligawanyika pande mbili mwaka 1986, demokrasia ikiwa imerudi, na pande zote mbili ziliendelea kuzunguka uwanja kila Alhamisi. Kinachoua ni ugomvi wa jina na kabati la mafaili. Kumbukumbu zinakiliwe zote, kila upande upate nakala kamili. Pesa zigawanywe kwa idadi ya wanachama waliolipa ada hadi mwisho wa mwaka uliopita. Jina, kila upande uongeze neno lake. Yamalizeni kwa karatasi kabla hamjaacha kusalimiana.

SWALI: Kila serikali inayoingia inatuambia, "Wanawake sasa mmeshapata kila kitu." Tunawajibuje bila kurudia hotuba zilezile? — *Msemaji wa chama*

JIBU: Kwa namba moja isiyobadilika serikali zinapobadilika. Wanawake wa Iceland ndio mabingwa wa hili. Oktoba 24, 1975, karibu asilimia 90 yao waliacha kazi za ajira na za nyumbani kwa siku moja. Waliiita siku ya mapumziko, si mgomo, ili hata wale wanaoogopa neno mgomo washiriki. Miaka 30 baadaye walirudi na saa mkononi. Walichukua wastani wa mapato ya mwanamke kama sehemu ya mapato ya mwanamume, wakauweka juu ya siku ya kazi ya kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, kisha wakatoka kazini dakika ile ambayo malipo yao yamekwisha. Mwaka 2005 walitoka saa 8:08 mchana. Mwaka 2010, saa 8:25. Mwaka 2016, saa 8:38. Mwaka 2018, saa 8:55. Ni dakika 47 kwa miaka 13, na hakuna waziri anayeweza kuiita hiyo hotuba. Mwaka 2023 walitoka siku nzima.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Siku ya saa nane ina dakika 480. Kama mwanamke anapata asilimia 74 ya mapato ya mwanamume, zidisha 480 kwa 0.74, unapata 355, yaani saa tano na dakika 55. Ongeza kwenye saa 3 asubuhi: saa 8:55 mchana.

Si lazima mtumie mapato. Inaweza kuwa idadi ya siku kati ya kesi ya ukatili kuripotiwa na hukumu, au hati za ardhi zenye jina la mwanamke katika kila 100 zilizotolewa. Chagueni namba ambayo serikali yenyewe huitoa, ili wasiweze kuwaambia mmeitunga. Andikeni kanuni ya kukokotoa kwenye karatasi moja, iwekwe kwenye faili la makabidhiano, na itangazwe tarehe ileile kila mwaka, ikiwa imepanda au imeshuka. Mwaka mzuri nao mtangaze, hata kama serikali iliyopo hamuipendi. Mkiruka mwaka mmoja mmetoa sababu ya kutoaminiwa mingine yote. Ofisi ya takwimu ikibadilisha namna ya kupima, chapisheni namba zote mbili, ya zamani na mpya, kwa miaka miwili sambamba, na mseme chini yake kwa mstari mmoja ni nini kilichobadilika.